Ndoo ya Kwanza

To. Kimya. To.

Mama Povu alifumbua macho gizani. Tone la maji lilikuwa likigonga kitako cha ndoo ya plastiki, taratibu, kama mgeni mwenye haya anayebisha hodi kwa ukucha. Kitambaa kimeanguka, alijisemea.

Alijichomoa ubavuni mwa bintiye, akanyata hadi kona ya jikoni, akapapasa. Hila yenyewe ilikuwa nyepesi, na uwani kote waliijua. Bomba ukilifungua kidogo kabisa, likadondosha badala ya kutiririka, mita ya kampuni ya maji haistuki. Ukifunga utepe wa kitambaa mdomoni mwake na kuuning'iniza hadi ndani ya ndoo, tone linateleza bila kusema neno. Ukiamka unayo maji ambayo kadi ya malipo haikuyalipia.

Nyuma ya pazia mtu alikohoa.

Huyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa akilala pale sebuleni tangu mume, utingo wa lori, aondoke na mzigo. Karibuni Shemeji alipata kazi, na kazi yenyewe ni kwenye hiyohiyo kampuni ya maji. Majirani hawakumpongeza. Walisema kikulacho ki nguoni mwako, tena walisema kwa sauti, asipate taabu ya kuletewa umbea.

"Shemeji," alinong'ona kutoka nyuma ya pazia.

"Abee."

"Leo hilo bomba lifunge. Liwe kavu."

"Nani kakwambia lina maji?"

"Mimi? Mimi nimelala. Naota tu."

Akageuka upande wa pili, na mkeka ukalia chini yake.

Mama Povu akalifunga bomba. Kisha akaketi kwenye kigoda na kulitazama beseni lililojaa sare nyeupe za nesi, mteja wake mkubwa, zilizolowekwa kwenye sabuni tangu jioni. Zilitakiwa asubuhi hiyohiyo, na kwenye kadi hakukuwa na maji ya kusuuzia hata soksi. Nesi hana maneno mengi. Ukimchelewesha anakutabasamia, kesho anapeleka nguo kwa mwingine.

Mkono ukarudi bombani wenyewe. Kidogo tu, alijiambia. Jua likitoka nalifunga.

Jua lilitoka, na beseni likamshika. Alikuwa nje akifikicha kola, mapovu hadi kwenye viwiko, Seremala wa mlango wa pili alipokuja na kikombe chake mkononi. Alasiri hiyo wajumbe wa baraza la mji wangekaa kusikiliza ombi la wapangaji, na yeye ndiye aliyechaguliwa kusema.

"Nisikilize, jirani. Nitaanza hivi. Biashara si dhambi. Mimi mwenyewe nauza meza. Lakini asiyeinunua meza yangu atakula sakafuni, hatakufa. Asiyenunua maji, je?"

"Huyo hata akifa, ya kumwoshea itabidi yanunuliwe."

Seremala alicheka, kisha akaacha kucheka. Wote wawili waligeuka kutazama katikati ya uwanja, kilipokuwa kisima. Kampuni ilipoingia ilisema maji yake si salama, yale yaliyowakuza wao na mama zao, ikakiziba kwa zege. Juu ya zege ikasimamisha kibanda cha kuuzia kadi.

"Sisemi wafukuzwe," Seremala aliendelea. "Wauze, wapate faida, wajenge maghorofa watumwagie vumbi. Ila ndoo ya kwanza ya kila nyumba, kila siku, isitiwe kufuli. Na bei isipande mpaka sisi wanywaji tuulizwe. Mbwa mkali huna haja ya kumuua. Mfunge mnyororo."

"Mnyororo ashike nani?"

"Sisi na baraza. Ndiyo maana nimepita kila mlango tangu asubuhi. Leo asidondoshe mtu. Wakikamata nyumba moja tu, watawaambia wajumbe, hao mnaowahurumia ni wezi. Na mimi nitakaa chini nikiwa sijafungua mdomo."

Mikono ya Mama Povu ikatulia ndani ya povu. Aliinuka, maji yakimchuruzika hadi miguuni, na geti la uwani likafunguliwa.

Msimamizi wa kampuni alitangulia, kofia imekaa sawasawa kichwani. Nyuma yake Shemeji, mfuko wa spana begani, macho chini.

"Tutaanzia kwa mfua nguo," Msimamizi alisema. "Dada, kadi yako inasema unanunua ya kunywa tu. Hizo nguo unazifua kwa mate?"

"Nachota kwa jamaa zangu."

"Una jamaa wakarimu."

Aliingia bila kukaribishwa. Akainama kwenye mita, akaigonga kwa kidole. Mshale ulikuwa umelala. Halafu akaiona shuka iliyoanikwa kwenye kamba, ikiifunika kona yote ya jikoni.

"Nyuma ya hii kuna nini?"

"Nitaangalia mimi, bosi," Shemeji alidakia, akapita upesi chini ya shuka.

Mama Povu alijua anachokiona huko, maana ndiye aliyekipanga. Bomba. Utepe uliolowa. Ndoo. Na pembeni yake bintiye, kachuchumaa, yuko kazini. Kila asubuhi ilikuwa zamu yake kuilinda ndoo isifurike, na ikifika ukingoni aseme. Akisema, mama huacha kila kitu, humbeba juu juu na kumzungusha hadi wote wawili waone kizunguzungu. Nyumba ile haikuwa na sherehe nyingine.

Shemeji alitoka. Kidole alichokiweka mdomoni kumnyamazisha mtoto kilikuwa bado hakijashuka vizuri.

"Pakavu, bosi."

"Una uhakika? Kazi bado unaihitaji?"

"Naihitaji. Pakavu."

Msimamizi aliigonga mita mara ya mwisho. Kisha akaivuta kofia yake na kugeukia mlango, ambako Seremala alikuwa amesimama na kikombe chake kitupu. Shemeji na Mama Povu hawakutazamana. Mguu mmoja wa Msimamizi ulikuwa umeshavuka kizingiti, naye Mama Povu akaanza kuamini kwamba alasiri Seremala atasimama mbele ya wajumbe, na atasikilizwa.

Shuka ikatikisika. Kichwa kidogo kikachomoza chini yake, uso ukiwaka furaha, mikono imeshainuliwa tayari kubebwa.

"Mama, ndoo imejaa."