Jino la Bibi Harusi

Kwetu Mabawe bibi harusi hacheki. Analia, au walau anainamisha kichwa kama mfiwa, watu wasije wakasema alishachoka kukaa kwa mama yake. Mimi desturi hiyo ilinikera. Tangu nianguke na baiskeli nikavunja jino la mbele, miaka yote nilicheka nimeziba mdomo kwa kiganja. Sasa jino lilikuwa linapatikana, harusi ilikuwa Jumamosi, na mimi nilitaka kucheka, basi.

Jino lenyewe lilipatikana kambini Lukole. Wakati ule hospitali ya wakimbizi ilitutibu hata sisi wenyeji, na daktari wa meno alikuwa Hakizimana, Mrundi mpole aliyekimbia kwao bila kitu ila ujuzi wake. Alikichonga kisiki cha jino langu, akachukua umbo lake kwa kitu kama udongo laini, akalituma Nairobi kwa ndege ya mizigo. Ikarudi kofia ya jino ya kauri, nyeupe, ndogo kama punje ya mahindi.

Siku ya kuibandika nilisindikizwa na shangazi Francisca. Hapo ndipo tulipokosea.

"Kazi hii haitaki unyevu hata kidogo," Hakizimana alisema, akinijaza pamba mashavuni. "Tone moja la mate, gundi haishiki."

Nikapanua mdomo. Akakipaka kisiki dawa ya kukikwaruza ili gundi ishike, akakiosha, akakikausha kwa hewa. Shangazi akaona huu ndio wasaa: mwali yupo, na hawezi kujibu.

"Jumamosi ukitoka mlangoni, mfikirie marehemu bibi yako," akaanza. "Mfikirie mama yako akichota maji peke yake. Haya, lia nikuone."

Nililia kweli, jamani. Hayo ya mama yaliniingia. Machozi yakateremka hadi mdomoni, Hakizimana akaweka chini kibrashi chake.

"Mama, machozi nayo ni maji."

"Ni mazoezi tu, daktari."

"Basi tunaanza upya."

Shangazi alipoona kulia kumekatazwa, akaamua kunionyesha yeye mwenyewe: akajifunika kanga, akatoa sauti ya mbuzi aliyenaswa. Nikacheka hadi pamba ikaruka. Safari hii Hakizimana alimtoa nje kwa heshima zote na kufunga mlango. Akanijaza pamba nyingine, akakikausha kisiki tena, akaipaka kofia gundi, akaikandamiza, akaimulika kwa taa ya buluu, kisha akanipa kioo. Nililipenda mno lile jino, sioni haya kusema.

"Leo usitafune kigumu," akasema. "Kucheka ruksa."

Jumamosi, Derick, bwana harusi wangu kutoka Kasulo, alinikuta mlangoni nimekunja uso, shangazi kanishika kiwiko. Akaninong'oneza, "Naambiwa una jino. Mbona mimi sijaonyeshwa?"

Nikaangua kicheko, mdomo wazi, mikono chini. Shangazi akanifinya. Mwanamke mmoja akaguna huku akimtazama mama, nami nikakumbuka kwamba aibu ile ingemwangukia yeye.

Mama akaja, akanishika kidevu, akanitazama mdomoni. Tangu nianguke hakuwahi kuniona nikicheka bila kiganja.

"Wifi, mwache acheke," akamwambia shangazi. "Kulia nitalia mimi."

Akalia kweli, palepale mlangoni, mbele ya watu wote, na wanawake wakapiga vigelegele.