Rangi ya Kucha Kwenye Injini

Nianze na kucha, kwa sababu hata ukoo wa marehemu mume wangu ulianzia hapo. Nestory alipozikwa nilivaa nyeusi na nikakaa ndani kama nilivyoambiwa. Mwaka ulipotimia tukasoma misa, tukamaliza msiba, na kesho yake nikaenda sokoni nikanunua rangi nyekundu, nikapaka kucha zangu zote. Maneno yakaanza. Mama Irine, mjane, kucha nyekundu, tena anaendesha pikapu. Yakatembea kutoka Singe hadi Dareda. Shemeji yangu Aniceti, mdogo wake Nestory, akasema mbele za watu kwamba mwanamke wa namna hiyo hawezi kutunza mali ya marehemu. Mimi nikanunua chupa ya pili.

Mali yenyewe ni hiyo pikapu. Ni ya dizeli, ina umri kumzidi binti yetu Irine, na ndiyo inayotulisha. Nakusanya maharage na mahindi kwa wakulima wa Bonga, naleta mjini. Ukiniondolea pikapu nabaki na magunia matupu na kelele. Aniceti aliitaka tangu siku ya mazishi. Ukoo ukaamua itakaa kwangu kwa sharti kwamba naitunza. Siku nikiiua, itakwenda kwake.

Basi siku hiyo natoka Bonga na mzigo wa maharage, napandisha kilima taratibu, gia ya pili. Nikasikia mlio mmoja mkavu, tak, injini ikanyamaza. Nikakanyaga klachi na breki, nikazima swichi, nikashuka kuweka mawe kwenye magurudumu. Sikujaribu kuwasha tena. Nestory alikuwa ananiambia kila mara: injini ikinyamaza yenyewe usiibembeleze, mwite fundi.

Fundi Amos alikuja na bodaboda kutoka gereji yake Bagara. Akafungua kifuniko mbele ya injini, akavuta kipande cha mkanda mweusi kilichotoka nyuzi.

"Mkanda wa taimingi, Mama Irine. Huu ndio unaofanya valvu zifunguke na kufunga kwa zamu, zipishane na pistoni. Ukikatika, valvu zinasimama zilipo, pistoni zinapanda kuzigonga. Ulikuwa unakwenda polepole na umezima haraka, huenda madhara ni madogo. Ila mtu asiizungushe tena hii injini. Kila ikizunguka ni nyundo nyingine."

Alitaka kuweka alama ajue injini ilisimamia wapi. Kuna puli, gurudumu la chuma lililo mbele kabisa, ambalo injini ikizunguka nalo linazunguka. Alijaribu chaki, ikateleza kwenye grisi. Nikafungua mkoba nikampa chupa yangu ya rangi. Akanitazama, akaitazama chupa, akacheka mpaka akakaa chini. Lakini aliifuta ile puli vizuri, akachora mstari mwekundu ulioanzia kwenye puli ukaishia kwenye mwili wa injini.

"Huu mstari ukibaki umenyooka hivi," akasema, "ujue haijaguswa."

Nikafunga milango yote, ufunguo nikautia mkobani, tukapakizana mshikaki, watatu kwenye bodaboda moja, kwenda mjini kutafuta gari la kuvuta.

Tuliporudi, pikapu haikuwa pale nilipoiacha. Ilikuwa chini ya kilima, imekaa tambarare, na vijana waliotoka mnadani wameizunguka wanajifuta jasho. Wanaume wa huku ukiwaonyesha gari limezima, hawaulizi limezimwa na nini. Wanasukuma. Ni wema wao, na siwalaumu. Katikati yao kasimama Aniceti, mikono kiunoni.

"Pole, shemeji," akasema. "Nimeikuta inaziba njia, nikawaomba vijana waisogeze. Lakini injini ndiyo imekwenda hii. Umeibebesha mzigo, ukaikanyaga moto mlimani. Mimi nimeendesha malori, najua."

Nikainamisha macho chini. Mimi si mtu wa kunyamaza, waulize majirani zangu. Lakini niliona vumbini michirizi ya matairi ya nyuma, yameburuzwa kama ng'ombe aliyegoma, hayakuviringika. Milango niliifunga kwa mkono wangu. Na ufunguo wa pili wa ile pikapu ulipotea siku ya mazishi, tukautafuta hadi kwenye gunia la mkaa. Nilitamani kumrukia hapo hapo. Nikajiambia, Natalia, ukipiga kelele sasa litakuwa neno lako na lake, na ukoo unajua litasikika la nani. Tukaivuta pikapu hadi gereji, gia ikiwa huru, na nikamwambia Amos asiguse hata nati.

Jioni ile ile Aniceti akapiga simu ukoo mzima. Kikao Jumapili baada ya misa, nyumbani kwa mama yao Dareda, kujadili namna mjane alivyoua gari la marehemu. Nikajibu kwamba kikao nakikubali, ila kitakaliwa gereji, Bagara. Wakaja juu. Kikao cha ukoo hukaliwa nyumbani, siyo kwenye oili chafu. Nikawaambia, mnataka kuzika maiti ambayo hata haijapimwa. Pikapu haiwezi kutembea kuja Dareda, na mimi siachani nayo. Walinitumia watu kunishawishi, mmoja kwa upole, mwingine kwa vitisho, nikawapa chai wote wakarudi walivyokuja.

Aliyemaliza ubishi ni mama mkwe wangu, Bibi Gaudiosa. Alisema maneno machache tu kwenye simu: "Nitakuja huko gereji. Mniwekee kiti chenye mgongo."

Jumapili wakaja na nguo zao za kanisani, wakapangusiwa mabenchi. Nikawawekea chai na maandazi, maana hata ukigombana na wakwe huwezi kuwaacha na njaa. Mzee Leonard, baba mdogo wa Nestory, akafungua kwa sala kama mwenyekiti. Fundi Amos alikuwa amejibanza nyuma ya matairi.

"Mama Irine, mimi ni fundi," akaninong'oneza. "Mambo ya ukoo usiniingize."

"Wewe jibu nitakachokuuliza," nikamwambia. "Kilichobaki ni changu."

Aniceti alizungumza kwanza, na alizungumza sana. Akaanza na kucha, akapita kwenye mwendo wangu, akafika kwenye jasho la kaka yake. Mwisho akasema yeye yuko tayari kulichukua hilo kopo la gari, alitengeneze, alinde jina la marehemu. Baadhi ya wajomba wakatikisa vichwa kukubali. Mzee Leonard akanigeukia, akauliza kama nina la kusema.

"Ninalo la kuonyesha, baba. Mama, naomba usogee huku."

Bibi Gaudiosa akavaa miwani yake, akasogea. Nikamwambia Amos afungue boneti na asiguse kitu kingine. Nikawaeleza mkanda ulivyokatika, fundi alivyokataza injini isizungushwe, na alama tuliyoweka kwa rangi ya kucha. Neno kucha lilipotoka mtu mmoja akaguna. Nikamtazama hadi akainamia chai yake.

Kwenye mwili wa injini nusu ya mstari ilikuwepo, nyekundu safi. Kwenye puli, pale nusu ya pili ilipotakiwa kuwa, palikuwa na chuma kitupu. Amos akaingia uvunguni na tochi.

"Iko huku chini," akasema. "Imehama."

"Fundi, tangu tulipoweka alama, wewe umeizungusha?"

"Sijaigusa, ulinikataza."

"Ikihama kuna ajabu gani?" akadakia Aniceti. "Gari lilisukumwa, magurudumu yakazunguka, na hiyo puli ikazunguka. Tena mmelivuta mpaka hapa."

"Fundi, gari likisukumwa au likivutwa gia ikiwa huru, puli inazunguka?"

Amos akatoka uvunguni polepole. Alimtazama Aniceti, akanitazama mimi, nikaona anatamani angekuwa kinyozi.

"Haizunguki," akasema. "Magurudumu yanakwenda peke yake. Puli inazunguka gia ikiingizwa na klachi ikaachiwa. Kama mtu anayeamsha gari kwa kusukumwa."

Hakuna aliyegusa andazi. Aniceti akasema labda kijana mmoja aliingia ndani akaingiza gia bila kujua.

"Aliingiaje?" Ni Bibi Gaudiosa. "Mama Irine, ulifunga milango?"

"Nilifunga, mama."

"Kuna kioo kimevunjwa?"

"Hakuna."

Akamtazama mwanawe, akasubiri. Aniceti akaanza kusema kwamba tatizo kubwa hapa ni injini, watu wasihamishe mazungumzo, injini imekufa na aliyekuwa anaiendesha anajulikana. Mzee Leonard akamkatisha.

"Kama imekufa tutaiona. Fundi, fungua."

Ilichukua muda. Chupa za chai zikaisha, watoto wakalala kwenye kanga za mama zao, lakini hakuna aliyeondoka. Nilisimama pale pale mbele ya injini, nikihesabu kila nati iliyotoka. Ningeweza kumshinda Aniceti kwa maneno na bado nikarudi Singe sina gari. Hilo nililiogopa kuliko ukoo wote. Amos akainua hedi, ule mfuniko mzito uliobeba valvu, akaulaza kwenye gunia. Akafuta pistoni moja moja, akapitisha kidole.

"Njoo uone, mzee," akamwambia Mzee Leonard. "Hapa valvu imegusa, kovu dogo, jepesi. Hili ni la siku mkanda ulipokatika. Na hapa juu ya kovu lile kuna lingine, limechimba. Hili ni la kusukumwa gia ikiwa imeingizwa. Valvu zimepinda, zile zilizokuwa wazi. Injini isingezungushwa tena, zingepinda kidogo au zisingepinda kabisa, sijui, maana sikupewa nafasi ya kuona."

"Imekufa?" nikauliza.

Aliweka rula ya chuma juu ya hedi, akaimulika kwa chini. Akachunguza pistoni tena, upande kwa upande, kama mama anayemtafuta mtoto chawa.

"Hedi haijapasuka wala haijapinda. Pistoni zina makovu, hazijatoboka. Valvu mpya, mkanda mpya na rola inayoukaza, gasketi. Nitaizungusha kwa spana kwanza kabla ya kuwasha, nisikie kama kuna kinachogonga. Inapona hii, Mama Irine."

Nililia. Nililia mbele yao wote na sikujificha, na kucha zangu nyekundu nikajifutia machozi nazo waone vizuri.

Bibi Gaudiosa alikuwa bado anamtazama mwanawe.

"Nilikuuliza swali, Aniceti. Njia ya mwongo ni fupi. Toa."

Aniceti akaingiza mkono kwenye koti lake la kanisani. Alichelewa humo mfukoni. Akatoa ufunguo wa pili wa pikapu, ukiwa bado na kile kipande cha ngozi alichokifunga Nestory mwenyewe. Akasema aliuona kwenye suruali ya kaka yake siku ya mazishi, akauhifadhi tu. Akasema hakutaka kuharibu, alitaka kuiamsha, malori waliyaamsha hivyo miaka yote. Akimaliza kuiamsha angeipeleka wapi, hakusema, na hakuna aliyemuuliza.

"Uliuhifadhi," nikasema. "Nilipekua gunia la mkaa na nguo za msiba, wewe umekaa jikoni kwangu unakula, unao mfukoni. Valvu ni zako, shemeji. Nenda na fundi kesho dukani ukazinunue, na usiniletee zilizotumika."

Mzee Leonard akasema ndivyo ukoo ulivyoamua. Sikumsikia akiuliza ukoo, lakini hakuna aliyepinga.

Nikanyoosha mkono. Aniceti alitaka kuuweka ufunguo juu ya benchi, nikaacha mkono hapo hapo mpaka akauweka kiganjani. Nikatoa chupa mkobani, nikaketi kwenye tairi, nikaupaka ule ufunguo rangi pande zote mbili, taratibu, mbele ya wajomba na mashangazi na sala yao ya kufungia. Nikaupuliza ukakauka. Siku ukionekana kwenye mfuko mwingine, kila mtu kuanzia Singe hadi Dareda ajue ni wa nani.