Mtihani wa Mashine ya Majina

Miaka ile ambayo kila mwenye lori na mzani aliruhusiwa kununua pamba, na vyama vya ushirika vikabaki na maghala makubwa yenye mwangwi, Athanasi Luhaga alipata ajira katika umri ambao wenzake walikuwa wamekwisha kuwaachia wana wao jembe. Kampuni moja ya watu binafsi ilikuwa imefungua ofisi Bariadi mjini, nayo ilihitaji mtu wa kupanga majina ya wakulima kwa kufuata alfabeti.

Kazi hiyo ni nzito kuliko inavyosikika. Siku ya kupima pamba, karani hufungua orodha mbele ya mkulima aliyetoka Nkoma au Kimali na mkokoteni wake. Jina lisipoonekana mahali pake, karani husema, "Halimo," na mtu mzima aliyesimama pale na jasho lake, na ng'ombe wake wakipumua nyuma yake, huwa hayupo. Tena katika nchi ambayo nusu ya wanaume huanza na herufi M, kutokuwepo ni jambo jepesi sana.

Mikononi mwa Athanasi hakupotea mtu. Mapadri waliomfundisha walikuwa wamemtia adabu ya orodha tangu angali na kaptura: mwanafunzi aliyepeleka mezani majina yasiyopangwa alirudishiwa karatasi yake pamoja na kiboko, naye alishukuru kwa vyote viwili. Tangu hapo, kumkabidhi mtu orodha iliyovurugika aliona sawa na kumkaribisha mgeni kwa bakuli lisilooshwa. Hata majina ya watu waliochangia msiba aliyapanga kwanza, ndipo akayasoma.

Ndipo ilipokuja kompyuta.

Ililetwa na kijana aitwaye Constantine, msomi kutoka Mwanza, ikawekwa kwenye chumba cha pili pamoja na jenereta iliyonguruma nje ya dirisha. Meneja, Bwana Thomasi, mtu wa maneno machache na haraka nyingi, alimwita Athanasi akamweleza mambo bila kuyazungusha.

"Mzee, huyu kijana ameiandikia mashine programu ya kupanga majina. Wewe ndiye unayeijua kazi. Ijaribu. Ikiwa inapanga sawasawa, utaweka sahihi, nasi tutaitumia msimu huu."

"Na mimi?" akauliza Athanasi.

"Wewe utapumzika, Mzee. Umefanya kazi sana."

Athanasi alielewa. Aliwekwa kuwa hakimu wa kesi ambayo hukumu yake ingemnyang'anya kiti chake mwenyewe. Mtu mwingine angejitoa. Yeye alinyoosha kola ya shati, akajibu kwamba atatenda haki, akatoka nje ya ofisi ile akijivunia ugumu wa msalaba aliopewa.

Siku iliyofuata alifika na orodha ya wakulima wa Lagangabilili, imeandikwa kwa hati safi, kila herufi imesimama kama askari.

"Mwangaluka, babu," Constantine alimwamkia, kwa Kisukuma cha mtu aliyekulia mjini.

"Mwangaluka. Mashine yako imeamkaje?"

"Imeamka vizuri. Inaogopa mtihani tu."

"Na iogope," akasema Athanasi, wala hakucheka.

Constantine aliyaingiza majina yote kwa vidole vyepesi. Akabonyeza. Printa ikalia kama mtu anayepasua kitambaa, karatasi yenye vitundu pembezoni ikateremka hadi sakafuni. Athanasi akavaa miwani, akapitisha rula chini ya kila jina. Jenipha alimfuata Jeremia? La, alimtangulia, kama ipasavyo. Kwandu alikuwa baada ya Jilala. Masunga wote walikaa pamoja kwa amani. Mwisho kabisa alikuwapo Zengo, aliyezoea kuwa mwisho tangu shuleni.

Hapakuwa na kosa hata moja. Athanasi alivua miwani taratibu.

"Imefaulu," akasema, na neno hilo lilimtoka kama jino.

Bwana Thomasi alifurahi, akasema hati ya kuweka sahihi itachapwa, itakuwa tayari Jumatatu.

Nyumbani, mkewe Mektilda alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Alimsikiliza mumewe akieleza yote, tangu rula hadi Zengo, kwa sauti ya mtu anayesimulia kifo chema.

"Sasa Baba Jeremia," akauliza Mektilda, "hiyo orodha uliyoipelekea mashine, ilikuwaje?"

"Ilikuwaje namna gani? Ilikuwa orodha."

"Imepangwa?"

"Mama Jeremia! Lini umeniona nikimpelekea mtu orodha isiyopangwa?"

Mektilda aliweka ungo chini ili aweze kucheka kwa mikono miwili.

"Yaani umemkabidhi mchungaji ng'ombe waliokwisha kuingia zizini, umefunga na lango, halafu ukamsifu kwa kuwaingiza! Hata mimi ningefaulu. Hata huyu jogoo angefaulu!"

Athanasi alimkemea kwa kucheka mambo ya ofisini. Lakini sahani aliisogeza kando kabla haijaisha. Alichokiona sasa hakikuwa kidogo: hakuna alichokijua kuhusu mashine ile. Huenda ilipanga. Huenda ilirudisha tu kile ilichopewa, kama kasuku. Naye alikuwa amekwisha kusema, kwa mdomo wake ambao haukuwahi kukana maneno yake, kwamba imefaulu.

Palikuwa na njia nyepesi, na ibilisi aliionyesha wazi. Anyamaze. Aweke sahihi Jumatatu. Ikiwa mashine ni mbovu, itaumbuka yenyewe msimu wa kupima utakapoanza, wakulima watapiga kelele mizanini, na Bwana Thomasi atamtuma dereva na gari kuja kumrudisha mzee kwenye kiti chake kwa heshima. Athanasi aliitafakari njia hiyo kwa muda mrefu kiasi cha kutosha kuijua vizuri, ndipo akaikataa kwa hasira. Aliamua kuirudia mashine, kwa ajili ya haki. Kwamba moyoni aliomba ianguke, hilo hakuliona kuwa dhambi. Mwalimu naye humtakia mwanafunzi mtihani mgumu.

Ila sasa ilimpasa kuandika orodha iliyovurugika, na hapo ndipo alipokwama.

Alikaa mezani, akaandika Milembe. Baada ya Milembe alitaka kuandika jina lolote lile, lakini kalamu ikaandika Nkwabi. Akafuta. Akaandika Stephania, na mara baada yake, bila kutumwa, akaja Thomasi. Alijaribu kufumba macho. Alijaribu kuwaandika watu kwa kufuata nyumba zao njiani, akagundua baada ya kitambo kwamba anaziruka nyumba nyingine ili herufi zikae sawa. Mkono uliofundishwa kwa kiboko haukukubali kufundishwa upya kwa hiari.

"Nikusaidie kuvuruga?" Mektilda aliuliza kutoka jikoni. "Mimi naweza. Uliza dada zako."

"Hii ni kazi ya ofisi," akajibu Athanasi.

Mwishowe alipata suluhu isiyomwaibisha. Aliichukua orodha yake nzuri, akaiandika upya kutoka chini kwenda juu: Zengo akawa wa kwanza, kisha Yakobo, kisha Winnie, hadi mwisho kabisa. Haikuwa vurugu. Ilikuwa mpango ule ule, umegeuka kisogo. Mtu mwenye adabu aliweza kuibeba karatasi ile barabarani bila kuikunja.

Jumatatu hati ilikuwa tayari mezani kwa meneja. Athanasi aliipita, akaingia chumba cha pili.

"Nimekuja kuipa mashine mtihani wa pili."

"Babu, si ulisema imefaulu?"

"Nilisema. Sasa nasema irudie."

Constantine aliinua mabega, akayaingiza majina, akabonyeza. Printa ikapasua kitambaa chake. Wote wawili wakainama.

Zengo alikuwa amefika mwisho, mahali pake pa haki. Wengine wote walikuwa vile vile walivyoingia: Yakobo juu, Winnie nyuma yake, wamesimama kisogo hadi chini, kana kwamba hakuna aliyewaambia wageuke.

Athanasi alihisi kitu chenye joto kikipanda kifuani, akakivika haraka uso wa huzuni.

"Pole sana, kijana," akasema.

Constantine hakumsikia. Alikuwa ameshika kichwa, akiyasoma maandishi ya kijani kwenye kioo.

"Mjinga mimi! Tazama, babu. Naiambia ichukue majina mawili yanayofuatana. La kwanza likistahili kuwa nyuma, yabadilishane nafasi. Kisha iende kwa mawili yanayofuata, hivyo hivyo hadi chini. Kwa hiyo Zengo amesukumwa hadi mwisho. Lakini nimeipitisha mara moja tu! Inatakiwa irudi juu, ipite tena na tena, mpaka ipite bila kukuta wa kubadilishana."

"Mbona mara ya kwanza hukuligundua?"

"Majina yako hayakuwa na wa kubadilishana. Na ya kwangu niliyojaribia niliyavuruga kidogo tu, jina moja moja." Akacheka kwa haya. "Asante, babu. Umeniokoa."

Alichapa mistari michache. Chai aliyoletewa Athanasi ilikuwa bado ya moto wakati printa ilipolia tena, na safari hii Zengo, Yakobo, Winnie na jamaa zao wote walikuwa wamegeuka, kila mmoja pale ambapo hata mapadri wangemweka.

Athanasi hakukubali upesi. Alikuwa amekwisha kudanganywa mara moja na unadhifu wake mwenyewe. Alitaka waingizwe Masunga Jilala wawili, mmoja wa Nkoma na mwingine wa Kimali, aone kama mashine itamla mmoja ikidhani ni mtu yule yule. Ikawatoa wote wawili, bega kwa bega. Alihesabu walioingia na waliotoka, walikuwa sawa. Alitaka iingizwe orodha yenye jina moja. Ikamrudishia jina hilo. Alitaka iingizwe orodha isiyo na mtu. Ikamtolea karatasi nyeupe, kwa heshima zote. Kila mtego alioutega, kijana aliuingiza kwa furaha, na kila mashine ilipouruka, kiti cha Athanasi kilisogea hatua moja kuelekea mlangoni. Yeye ndiye aliyekisukuma.

Alikwenda kwa Bwana Thomasi, akaeleza kosa lililokuwapo na jinsi lilivyoondolewa, kisha akaweka sahihi yake, nzuri, yenye mkia mrefu chini.

"Basi, Mzee, tunakushukuru," akasema meneja, akinyoosha mkono wa kuagana.

"Bosi, haendi," Constantine alidakia kutoka mlangoni. "Wiki ijayo naandika programu ya uzito, halafu ya vijiji. Nani atanivurugia?"

"Akuvurugie nini?"

"Orodha! Mimi niliyeandika siwezi kuziona njia za kuiangusha. Huyu mzee ameiangusha kwa karatasi moja."

Bwana Thomasi alimtazama kijana, akamtazama mzee, akaona saa yake inakwenda.

"Haya. Mzee, utabaki na meza yako. Kazi yako itakuwa kuvuruga. Kila asubuhi mletee huyu majina yaliyochanganyika vibaya sana. Lakini yachanganyike kweli kweli, sitaki kazi ya nusu nusu."

Athanasi Luhaga alikuwa ameombewa kiti chake, na amekipata. Aliombewa na yule yule aliyekuja kukichukua, naye atakikalia akifanya kile ambacho alichapwa ili asikifanye kamwe. Alitafuta neno la kukataa lenye staha. Akamkumbuka Mektilda na jogoo wake, akaona hawezi kurudi nyumbani bila kazi na bila jibu.

"Nitajitahidi," akasema.

Jioni Mektilda alimpokea mlangoni.

"Wamekufukuza?"

"Wamenibakiza."

"Ng'ombe waliingia zizini?"

"Waliingia wote."

"Sasa wamekubakiza ufanye nini, kama mashine inapanga?"

Athanasi alitundika koti lake, akalinyoosha mabega, akachukua muda mrefu kuliko koti lilivyohitaji. Tangu utoto hakuwa amesema uongo, wala hakukusudia kuanza katika umri ule.

"Ukaguzi," akasema. Kisha akaomba aletewe karatasi, na, kwa sauti ya chini asiyoizoea, akamwuliza mkewe kama bado anaweza ile kazi aliyojisifia juzi.