Nyumba Iliyosikia Malalamiko

Bi Mwanapili wa Makangale aliteremka garini Mtambile saa tatu asubuhi, kapu la mihogo mkononi, akakuta soba hausi, nyumba ya vijana wanaoacha dawa za kulevya, haipo. Pamebaki msingi na kandambili moja.

Mzee Nyange, fundi viatu aliyekaa mkabala, akamweleza. "Imeondoka juzi, Bi mkubwa. Tulipeleka malalamiko kwa sheha, nayo ikasikia. Lakini haki yake naipa: haikukanyaga hata mche mmoja wa mkarafuu."

Hiyo ilikuwa mara ya tano nyumba hiyo kuhama. Bi Mwanapili akazifuata nyayo zake, pana kama majamvi, mpaka karibu na Wesha. Mwanawe Ashraf alikuwa kizingitini akichambua maharage na wenziwe. Siku arubaini hakugusa unga. Arosto, yale maumivu ya kuacha, ilishapita, na mashavu yalikuwa yamerudi.

"Kuacha nishaacha, mama," akasema. "Kazi ni kupata pa kuachia."

Siku hiyo palikuwa na mgeni rasmi. Alikata utepe, akawaita vijana nguvukazi ya taifa, kisha akakumbuka kwamba shemeji yake anajenga nyumba ya wageni pale jirani. Alipotaja tu neno "mazingira", soba hausi ikainuka. Wajumbe aliokuja nao walimalizia makofi huku wakitembea nayo.

Mwezi wake wa nne humo Ashraf alihitimu, akarudi kwao Makangale. Jirani yao, Bi Thuraiya, alimkumbatia, akamshukuru Mungu, kisha akaenda kuanua nguo zake zote, mbichi vile vile. Ijumaa, baada ya sala, wanaume walibaki kwa kikao kifupi cha kheri.

Jumamosi asubuhi chai ikamwagika kikombeni bila kuguswa. Nyumba ya Bi Mwanapili, aliyoachiwa na marehemu mumewe, ilikuwa imenyanyuka na yenda.

Ashraf akachukua begi. "N'shuke mie, mama. Nikishuka itatulia."

Bi Mwanapili akamnyang'anya lile begi akalikalia.

"Ushuke wende wapi? Keti unywe chai."

Walipita mbele ya nyumba ya Bwana Talal, muuza unga, ya ghorofa na vigae vipya. Haijapata kusogea hata shubiri. Wanaume wa kikao walikuwa barazani kwake wakinywa kahawa. Talal akainuka kwa heshima.

"Safari njema, Bi Mwanapili."

"Ahsante, mwanangu," akajibu, kwani alilelewa vyema, akalishika birika lisianguke.