Dakika Arobaini na Moja

Shingo ya Salvina ilijaa skrini nzima ofisini kwa Veronika, msimamizi wetu. Jasho lake lilionekana tone kwa tone. Alikuwa akipanga ndizi sokoni, hana habari. Mimi ndiye niliyemvuta karibu kwa kamera.

"Dakika arobaini na moja, Godwin," alisema Veronika. "Mwizi yuko wapi hapo?"

"Nilikuwa namlinda."

"Kwani shingo ndiyo ilikuwa inaibiwa?"

Wenzangu wa chumba cha kamera wakaangua kicheko. Niliwachukia wote, lakini zaidi niliichukia ile programu mpya. Tuliambiwa itawatambua wezi kwa mienendo yao. Kumbe ilitupima na sisi: nani amegeuza kamera, amemfuata nani, kwa muda gani, bila tukio lolote kuripotiwa. Kitu kisicho na mama wala ukoo kimenishtaki mimi, mtoto wa Uru!

"Kesho mchana kamati ya nidhamu inakaa," alisema Veronika. "Na yeye ataitwa. Kazi yako iko mdomoni mwake."

Nikaamua kumuwahi. Alfajiri nilikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba la migomba la ukoo. Kwetu Uchaggani, aliyeletewa isale hana njia ya kukataa kusamehe. Lakini hupelekwa na mzee, baada ya kosa kutajwa mbele ya watu. Mimi sikutaka mzee yeyote ajue. Nililibeba mwenyewe, nimelificha ndani ya koti kama kisu.

"Karibu kaka," Salvina alinichangamkia. "Ndizi za mtori hizi hapa, za kuchoma zile."

Nikamnyooshea jani. Tabasamu likamkatika.

"Umenikosea nini?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia bado.

"Si kitu kikubwa, dada."

"Isale kwa kitu kidogo?" Akageuka. "Mama Ruth! Magreth! Njooni mwone. Huyu kaniletea isale, kosa kaliacha nyumbani!"

Wanawake wakaacha biashara zao, wakatuzunguka.

"Sema, baba," alisema Mama Ruth. "Au unataka jani ndilo liseme?"

Vicheko. Salvina hakulipokea jani, wala hakulisukuma.

"Mimi nafanya kazi kule kwenye kamera za soko hili," nikaanza.

Kabla sijaendelea, aliifungua kanga yake kutoka kiunoni, akajifunika mabega yote mawili. Jua lilikuwa kali.