Jalada la Siku ya Kumi na Nne

Saa tisa na dakika ishirini, basi la shule lilikuwa halijafika. Kwa kawaida hufika saa tisa kamili. Dakika ishirini si kitu kama unasubiri mgeni, lakini mimi nilikuwa namsubiri Chiriku.

Chiriku ni binti yangu. Ana miaka saba na hasikii. Jina hilo alipewa na shangazi yake kwa sababu mikono yake haina likizo: atakusimulia habari za darasani kwa mikono mpaka chai ipoe. Darasa la watoto wasiosikia liko mbali, kwa hiyo halmashauri inawasafirisha kwa basi dogo. Ubaya ni mmoja. Basi lilikuwa linamshusha ng'ambo ya barabara kuu, na nyumba yetu iko upande huu. Katikati yanapita malori ya mchanga na ya saruji, na madereva wake hawajui breki ni ya nini. Kila siku naomba ruhusa kwenye stoo ya vifaa vya ujenzi ninakofanya kazi, navuka, nampokea, tunavuka pamoja. Siku nikinyimwa ruhusa je? Ndiyo maana nikapeleka malalamiko.

Afisa malalamiko wa idara ya elimu ni bwana mmoja nadhifu, kalamu zake kazipanga kama askari wa gwaride. Nyuma yake kuna ubao wenye safu mbili: yaliyopokelewa na yaliyotatuliwa.

"Usiwe na wasiwasi, mama," aliniambia. "Hapa kila lalamiko linafungwa ndani ya siku kumi na nne."

"Linafungwa au linatatuliwa?"

"Ni kitu kilekile."

"Baba, mimi ni mtunza stoo. Nikifunga stoo jioni haina maana mzigo umefika."

Bibi mmoja aliyekaa kwenye benchi akacheka mpaka mwavuli wake ukaanguka. "Hapo kakupata, mwanangu," akamwambia afisa.

Nikamwita Bibi Mwavuli tangu siku ile, maana hauachi, jua au mvua. Mjukuu wake hupanda basi lilelile. Mtoto yule anasikia vizuri sana, ila haoni. Huenda kwa kufuata sauti. Hushuka kituo kinachofuata, cha sokoni, ng'ambo ya barabara ileile. Tukaandika lalamiko moja, tukatia sahihi wawili: watoto washushwe upande wa nyumbani.

Sasa ilikuwa siku ya kumi na nne, nami nilikuwa nimesimama ng'ambo kama kawaida, jasho linanitoka mgongoni. Nilishawaza mabaya yote. Basi limepinduka. Kashushwa kituo kingine, anaulizwa na mtu asiyemjua, na hawezi kujibu. Nikampigia afisa.

"Aa, mama," akasema, sauti imechangamka. "Nilikuwa nakuwazia. Lalamiko lako limetatuliwa."

"Basi halijafika."

"Limechelewa kidogo, ni siku ya kwanza ya njia mpya. Sasa linageuzia kwenye mzunguko wa barabara kule juu na kuwashusha watoto upande wa nyumbani. Kama mlivyoomba."

"Kuanzia lini?"

"Leo. Dereva nilimpigia simu asubuhi."

"Na mimi?"

"Wewe umeandikiwa barua. Imetoka leo kwa posta. Wazazi huandikiwa barua, ndio utaratibu."

Nikageuka. Ng'ambo ya pili, mbele ya nyumba za kwetu, lori refu lilikuwa linapita. Lilipokwisha, nikaliona basi dogo likiondoka. Na pale lilipokuwa limesimama, Chiriku, begi mgongoni, ananitazama.

Akatabasamu. Akashusha mguu mmoja kwenye lami.

Lori la saruji lilikuwa linakuja kutoka mkono wangu wa kulia. Nikapiga ukelele. Ukelele wa nini, kwa mtoto asiyesikia? Watu wote wa upande wangu waligeuka; yeye hakusikia kitu. Ndipo mkono ukanyanyuka wenyewe, juu kabisa, vidole vimetanuka. Mti. Hiyo ni alama yetu ya nyumbani, tuliitunga alipokuwa na miaka mitatu, siku alipokaribia jiko la mafuta. Maana yake: simama kama mti, usitikisike mpaka mama akuguse.

Lori likapita katikati yetu. Lilikuwa refu kuliko malori yote niliyowahi kupokea mzigo wake. Nikahesabu magurudumu kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya.

Likaisha. Chiriku alikuwa amerudisha mguu kwenye udongo, mkono wake juu, vidole vimetanuka.

Nilitaka kuvuka, lakini nyuma ya lori lile kulikuwa na mengine, yamefuatana kama siafu. Simu bado ilikuwa sikioni.

"Mama? Mama, uko hapo? Basi tufunge jalada?"

Ndipo nikamkumbuka Bibi Mwavuli.

"Bibi umempigia?"

"Naye kaandikiwa bar..." Nilisikia kiti kikisukumwa.

"Basi limeondoka hapa sasa hivi," nikasema. "Sokoni ni dakika nne. Bibi amesimama ng'ambo. Mjukuu atashuka upande mwingine, bibi atamwita, na mtoto atafuata sauti. Mpigie dereva."

"Dereva hapokei simu akiwa anaendesha. Ni kanuni."

"Mpigie bibi basi, usikate hii."

Nikasikia vitufe vya simu ya mezani. Ikaita. Ikaita tena. Mkono wangu uliokuwa juu ulianza kufa ganzi, nami sikuthubutu kuushusha. Ng'ambo, Chiriku naye hakuushusha wake. Simu ya mezani ikaendelea kuita. Afisa alikuwa anahema kama mtu aliyepanda ngazi.

"Nani?" Bibi alipiga kelele kiasi kwamba nilimsikia kupitia simu mbili.

"Bibi, ni mimi, wa ofisi ya elimu. Mjukuu anashushwa upande wa pili leo. Usimwite. Nakuomba, usimwite jina."

"Unasema nini? Basi ndilo hili."

"Usimwite, bibi. Usitoe sauti kabisa."

Bibi yule, ambaye kwenye benchi hakuwahi kunyamaza muda wa kumeza mate, alinyamaza. Nilisikia honi, muziki wa duka, na afisa akisema kwa kunong'ona, "Bibi? Bibi?"

"Ananiita," bibi akasema, sauti ndogo. "Anasema, bibi uko wapi."

"Usijibu."

"Ananiita, mwanangu."

Bibi akavuta pumzi ndefu. "Muuza viatu kamshika mkono. Kamkalisha kwenye kiti chake."

Nikamsikia afisa akikaa chini. Malori yakapungua, nikavuka. Nikamgusa Chiriku begani. Hapo ndipo aliposhusha mkono, akautikisa, akaniambia kwa vidole kwamba leo nimemweka mti muda mrefu mno, na kwamba mkono unauma.

"Mama," afisa akasema. Sauti haikuwa ile ya mwanzo. "Nifanye nini na hili jalada?"

"Liache wazi. Kisha hesabu barua ulizotuma leo, na uanze kupiga simu."

"Ni tisa," akasema. Na kabla sijakata nilisikia vitufe tena.