Hina ya Mke wa Tawakali

Sada aliingia kwenye baraza la liwali, Kilwa Kivinje, na hina mbichi mikononi, wanawake wakakonyezana. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha, na mumewe Tawakali, aliyepanda milima ya Kipatimu kuuza chumvi, hakurudi. Mji mzima ulijua kwamba amekufa. Sada peke yake hakutaka kujua, na asiyetaka kujua humwambii kitu. Kila Alhamisi alijipaka hina, ili kesho yake mume akitokea asimkute amekaa kizuka, kama mjane asiyejipamba.

Asingeshtaki, ila Rashidi, jirani yao wa shamba kule Tingi, alikuwa ameanza kuangusha minazi aliyoipanda Tawakali kwa mkono wake. Nazi alizichuma tangu vita na Sada akanyamaza. Lakini minazi yenyewe? Mume akirudi ataonyeshwa nini, visiki?

Rashidi alijibu kwa ufupi. "Bwana liwali, amri ya boma ni mrithi adai ndani ya mwaka tangu kifo, la sivyo haki yake imepotea. Tawakali alikufa vitani. Mwaka umepita kitambo, na mashahidi ninao hapo nje."

Liwali akamgeukia Sada. "Mwanangu, kama mumeo yu hai, aje adai mwenyewe. Kama amekufa, sema, na useme ni lini."

Sada alimtamani Tawakali pale pale, jasho lake, kikohozi chake cha mlangoni kabla ya hodi. Alikuja kumlindia shamba lake, kumbe sharti kwanza amzike kwa kinywa chake.

"Amekufa leo," akasema.

Rashidi akacheka. "Leo? Huyu amerukwa na akili."

"Mpaka jana alikuwa hai. Muulize yeyote kama nimekaa eda."

Liwali aliitazama mikono yake. "Rashidi, hina hii unaijua?"

"Nani asiyeijua, bwana? Mji mzima tunamcheka."

"Basi umemtolea ushahidi wewe mwenyewe. Siwezi kumhesabia mwaka wa msiba mtu ambaye hajaupokea. Mbali na huo mwaka, una neno jingine juu ya shamba?"

Rashidi hakuwa nalo, maana shamba lilikuwa la nani kila mtu alijua.

"Basi mashahidi wako waende zao, hakuna la kuwauliza. Shamba ni la mjane wa Tawakali."

Kesi ilikwisha kahawa ya liwali ikiwa bado ya moto. Sada alishinda, na hakuna aliyemwona akifurahi.

Nje, Rashidi alimngoja. Watu wa Kivinje hata wakishindwa hawaachi adabu.

"Makiwa, dada," akasema, ameinamisha kichwa.

Tangu vita watu walimpa salamu hiyo ya msiba, naye aliwapita kama hakusikia. Safari hii alisimama.

"Tunayo," Sada akajibu, akashika njia ya nyumbani kukaa eda.